HISTORIA YA MITAA YETU YA NAIROBI: KUTOKA LANDHI HADI KALOLENI



Mmekwisha kuzisoma katika kitabu hiki hesabu za fedha, michango ya maziko na karo za watoto. Sasa twaomba ruhusa yenu tueleze habari za mitaa ambamo kazi hiyo yote hufanyika, yaani mitaa ya upande wa mashariki ya Nairobi ambayo watu huiita Eastlands. Wengi wetu tulizaliwa humo, na wengine waliingia humo wakiwa vijana wenye sanduku moja la mbao na barua ya kazi.

Tunayo sababu ya kuandika habari hizi mwaka huu. Mazungumzo ya kuibomoa mitaa ya zamani na kujenga maghorofa marefu mahali pake yamekuwa mengi, na nyumba za zamani za manispaa huko Pangani zimekwisha kuondolewa. Mtu asiyejua nyumba yake ilijengwa kwa sababu gani hawezi kusema kwa hoja ni kitu gani katika nyumba hiyo kinachostahili kuhifadhiwa. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Basi tuingie ndani.

Mji wa reli

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899. Mahali hapo palikuwa malisho ya Wamasai, na jina la mji latokana na maneno yao ya maji baridi. Wenye reli walihitaji uwanja tambarare wa kupangia mabehewa kabla ya kuupanda mlima, na uwanja huo ndio uliozaa mji. Upande wa magharibi kuna vilima, miti na udongo mwekundu; upande wa mashariki ni nchi tambarare yenye udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Wazungu walijitwalia vilima. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza habari za afya katika nchi hizi, alitoa shauri kwamba kila taifa la watu likae mahali pake mbali na lingine. Shauri hilo la daktari likawa sheria ya ardhi kwa vitendo, na Mwafrika akapewa nchi ya udongo mweusi, karibu na reli na viwanda.

Tena Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mwenyeji wa mji. Alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi kwa muda, kisha arudi kwao. Kwa ajili hiyo mshahara wake ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja, na makao yake yalipimwa kwa kitanda kimoja. Tangu mwaka 1920 alilazimishwa kuchukua kipande, na asiye na kazi hakuwa na haki ya kulala mjini.

Nyumba za namna tatu

Kabla ya Kaloleni palikuwa na makao ya namna tatu, na kila namna ilikuwa na ujenzi wake.

Namna ya kwanza ni vijiji vya watu wenyewe, kama Pangani ya zamani. Humo walikaa Waislamu wengi, wafanya biashara na watu wa makabila mbalimbali, katika nyumba za miti na udongo. Serikali iliamuru Pangani ivunjwe, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 1939. Baadhi ya waliovunjiwa walijengewa mtaa mpya ulioitwa Shauri Moyo, na jina hilo peke yake latosha kueleza jinsi watu walivyouingia.

Namna ya pili ni Pumwani, iliyopimwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kukaliwa mwanzo wa miaka ya 1920. Baraza la Manispaa lilitoa viwanja, na mwenye kiwanja akajijengea mwenyewe. Watu walijenga nyumba ya Kiswahili kama ile ya pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua wa nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja, navyo vingine akavipangisha. Kuta zilikuwa za udongo, na paa mara nyingi zilitiwa mabati ya madebe yaliyokunjuliwa. Wakubwa wa mji waliziita nyumba hizo chafu, lakini zilikuwa na jambo moja lililokosekana katika nyumba za Serikali: mwenyewe alikuwa Mwafrika, na wajane wengi na wanawake waliojitegemea walipata riziki yao humo.

Namna ya tatu ni landhi za reli, zilizojengwa Muthurwa. Landhi ni safu ndefu ya vyumba vilivyoungana kama mabehewa, kila chumba na mlango wake, na mbele yake uwanja wa wote wenye bomba la maji na vyoo vya shirika. Chumba kimoja kiliweza kulaza watu watatu au wanne. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na chumba pia, maana mwajiri na mwenye nyumba walikuwa mtu mmoja. Tukumbuke hapa na Kariokor, ambayo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita ya 1914 hadi 1918, ambamo wazee wetu walikufa kwa maelfu.

Kwa nini mkoloni alibadili nia

Si huruma peke yake iliyoleta nyumba bora. Mwezi wa Agosti mwaka 1939 wafanya kazi wa bandari ya Mombasa waligoma, na tume iliyochunguza mgomo huo iliona kwamba ubaya wa makao ulikuwa mzizi mmoja wa matata. Mwaka 1940 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya fedha za maendeleo na ustawi wa makoloni. Mwezi wa Januari mwaka 1947 Mombasa iligoma tena, safari hii mji mzima, na viongozi kama Chege Kibachia wakasikiwa hadi Nairobi. Hapo wakubwa walianza kufahamu kwamba mfanya kazi asiye na mke karibu naye, wala mtoto, wala jirani wa kudumu, hana sababu ya kuupenda mji wala kazi.

Sir Ernest Vasey, katika taarifa yake ya mwaka 1950 juu ya nyumba za Waafrika mijini, alisisitiza kwamba Mwafrika ajengewe nyumba ya kukaa na jamaa yake, na awezeshwe kuwa na nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilishauri kwamba mshahara wa mtu mzima uongezwe kidogo kidogo mpaka umtoshe yeye na mke na watoto. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja. Nyumba ya jamaa bila mshahara wa jamaa ni mzigo, na mshahara wa jamaa bila nyumba hupotea njiani.

Kaloleni na wazo la mji wa bustani

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, kusini ya barabara iliyoitwa Donholm Road na ambayo sasa ni Jogoo Road, jirani na Makongeni ya watu wa reli. Wazee wa mtaa husimulia kwamba mateka wa Kiitaliano wa wakati wa vita walitiwa katika kazi ya ujenzi. Jina lenyewe limetoka pwani, kama majina ya Ziwani, Makadara na Majengo, ambayo yote yapatikana katika mji wa Mombasa pia. Watu wa bara walihamia katika mitaa iliyoitwa kwa lugha ya pwani, na lugha hiyo ikawa yao.

Wazo lililouongoza mtaa huo halikuzaliwa Nairobi. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alitoa kitabu chake juu ya mji wa bustani, akitaka watu wa viwanda wapate kazi za mji pamoja na hewa ya shamba. Letchworth ilianza kujengwa mwaka 1903, na Welwyn mwaka 1920. Kisha mwaka 1929 Clarence Perry wa New York akaeleza kanuni za mtaa uliokamilika. Alisema mtaa uwe na watu wa kutosha shule moja ya msingi. Shule na ukumbi viwe katikati, karibu kwa miguu. Maduka yawe pembeni, panapokutana na mtaa mwingine. Barabara kubwa zizunguke mtaa wala zisiupasue. Na viwanja vya wazi viachwe kwa makusudi. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, ulioandikwa na L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, uliyatumia mawazo hayo kwa mji mzima, ukigawa makao katika mitaa iliyotenganishwa kwa barabara kuu na maeneo ya majani.

Anayetembea Kaloleni aweza kuyaona mawazo hayo kwa macho yake. Ukumbi uko katikati, na njia zinatoka kwake kama miale. Nyumba nyingi ni za chini, zina kuta za mawe na paa za vigae, nazo hazikupangwa kwa mstari mmoja kama landhi. Zimekusanywa vikundi vikundi, zikielekea viwanja vya majani, hata mama aliye mlangoni aweza kumwona mtoto wake anayecheza. Barabara kubwa haipiti ndani. Miti ilipandwa, nayo imekuwa mikubwa. Uzuri wa nyumba hizi hautokani na nakshi, maana hazina nakshi yoyote; watokana na kipimo cha haki kati ya nyumba na nafasi.

Hata hivyo tusidanganyike. Mtaa ambao barabara zake ni chache na mipaka yake ni dhahiri ni rahisi pia kulindwa na askari. Kanuni zile zile zilizomlinda mtoto na motokaa zilimwezesha mkoloni kuuzunguka mtaa kwa saa moja. Jambo hili lilithibitika tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipoanza. Maelfu ya watu walikamatwa mitaani na kupelekwa vizuizini, na baadhi ya mitaa ikazungushiwa seng'enge. Kwa hiyo ujenzi huu ulikuwa na mikono miwili, mmoja wa kutunza na mmoja wa kushika, na mwenye kuandika historia yake hana budi kuitaja yote miwili.

Mitaa yenye majina ya watu

Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 30 Machi 1950. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuwa imeonyesha wakaaji 118,976, na kila mwaka waliongezeka kuliko nyumba. Baraza la Jiji likajenga kwa haraka: Bahati, Mbotela, Ofafa na sehemu zake, kisha Jericho na Jerusalem. Katika mitaa hii usanifu ulibadilika. Vigae na umbo la kijiji vikapungua. Zikaja safu zilizonyooka, kuta tupu na madirisha ya kipimo kimoja, zikizunguka viwanja. Huo ndio ujenzi wa kisasa wa zama zile, ulioamini kwamba nyumba bora ni ile inayojengwa kwa gharama ndogo, kwa kipimo kimoja, na kwa watu wengi.

Majina mawili kati ya hayo yana damu. Tom Mbotela, diwani na makamu wa rais wa chama cha KAU, mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, aliuawa mwezi wa Novemba mwaka 1952. Ambrose Ofafa, diwani na mtunza hazina wa Luo Union, aliuawa mwaka 1953. Serikali iliwapa mitaa majina yao katika siku ambazo kila jina lilikuwa na upande. Watoto wanaosema leo kwamba wanakaa Ofafa Jericho wanataja kwa pumzi moja mtunza hazina wa chama cha ustawi na mji wa Biblia ambao kuta zake zilianguka. Yafaa wajue.

Kumbi zilizozaa vyama

Hapa twafikia jambo linalotuhusu sisi zaidi. Walioupanga mtaa waliuweka ukumbi katikati ili Mwafrika apate burudani ya adabu: dansi, sinema, mashindano ya ndondi na mafunzo ya kushona kwa akina mama. Wakaaji waliukubali ukumbi, wakautumia kwa kazi yao. Siku za Jumapili vyama vya makabila na vya ustawi vilikutana humo, vikatoza ada, vikaandika kumbukumbu, vikachagua mwenyekiti, mwandishi na mtunza hazina, na kumwondoa mtunza hazina aliyeshindwa kueleza hesabu. Kabla Mwafrika hajapewa kura ya Serikali, alikwisha kujifunza kupiga kura katika chama cha maziko.

Ndiyo sababu uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria, mwezi wa Machi mwaka 1957, ulipofika, watu wa mitaa hii hawakuwa wageni wa mikutano. Katika Nairobi Tom Mboya alimshinda C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili aliyekuwa amekwisha kujenga chama chake mjini. Hoja zilizotolewa katika kumbi na viwanja vya Eastlands wakati ule zilitangulia Uhuru wa mwaka 1963. Na uwanja wa mpira ulio jirani ya Kaloleni, ambao kwa miaka mingi uliitwa City Stadium, ulikuwa chuo kingine: Abaluhya United iliyoundwa mwaka 1964, na Gor Mahia iliyoundwa mwaka 1968, zote mbili ziliungwa mkono na watu wale wale waliozoea kuchangia maziko na karo.

Baada ya Uhuru

Serikali huru iliendelea kujenga, na majina ya Uhuru na Harambee yakaingia katika orodha ya mitaa. Katika miaka ya 1970 ulianza mtaa wa Buruburu, uliosanifiwa na kampuni ya Mutiso Menezes na kujengwa kwa awamu tano. Buruburu ulirithi mengi ya Kaloleni: nyumba zilizokusanywa kuzunguka nyua, njia zisizopita moja kwa moja, paa za vigae, maduka na shule mahali pake. Tofauti ilikuwa moja kubwa. Nyumba za Buruburu ziliuzwa kwa mkopo wa miaka mingi, na mkaaji akawa mwenyewe, ilhali wa Kaloleni alibaki mpangaji wa Baraza.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoleta taabu zetu za baadaye. Mji uliongezeka kutoka watu 509,286 mwaka 1969 hadi 4,397,073 mwaka 2019. Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983 na mji ukaendeshwa na tume mpaka mwaka 1992. Matengenezo yalipungua, mifereji ikaziba, na wapangaji wakajenga vibanda vya mabati kandokando ya nyumba, wengine kwa ajili ya watoto wao waliooa, wengine kwa ajili ya kodi. Viwanja vya majani vikaliwa kidogo kidogo. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Nyumba iliyojengewa jamaa ya watu wanne imezaa vizazi vitatu, na haikuongezwa chumba.

Muthurwa nayo yatufundisha. Mwaka 2010 wakaaji wa nyumba za reli walitakiwa kuhama, wakaenda Mahakama Kuu, na hukumu ikatolewa mwaka 2013. Jaji alitambua kwamba haki ya makao iliyomo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 inamgusa hata mpangaji, na kwamba mtu hawezi kutolewa nyumbani mwake bila utaratibu unaoheshimu utu wake.

Maoni ya Kamati

Hatupingi nyumba mpya. Mwenye kulala na watoto sita katika chumba kimoja hawezi kuambiwa aridhike kwa sababu ukuta wake una historia. Lakini twaona kwamba kilichokuwa chema katika mitaa hii chaweza kupotea pamoja na kilichochakaa. Kilicho chema si mawe. Ni kile kipimo: shule ambayo mtoto aifikia kwa miguu, kiwanja ambacho mama akiona kutoka mlangoni, na ukumbi ambao maskini aweza kuukodi siku ya Jumapili ili kuchangia maziko. Ghorofa lenye vyumba mia mbili na lisilo na ukumbi ni landhi iliyosimamishwa wima.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo haya manne. Kwanza, kila mwanachama aliye mpangaji ahifadhi stakabadhi zake za kodi na za mzazi wake, na nakala iwekwe katika faili ya Chama. Pili, wazee walioingia katika mitaa hii kabla ya Uhuru waombwe kusimulia habari zake, na vijana wetu waziandike zikiwa bado zina mwenyewe wa kuzisahihisha. Tatu, mkutano wowote wa kupanga mtaa upya uhudhuriwe na wajumbe wetu, wadai ukumbi, shule na uwanja viandikwe katika ramani kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Nne, wajane na wazee wanaokaa peke yao waandikwe majina mapema, ili siku ya kuhama asiachwe mtu nyuma.

Waliovunjiwa Pangani mwaka 1939 hawakuulizwa neno. Sisi tunayo Katiba, tunao ukumbi, na tunacho Chama. Tusipovitumia, watoto wetu watatuuliza tulikuwa tukingoja nini.

Sisi, kwa niaba ya Kamati,
MWANDISHI WA CHAMA